Mfumo Mpya na Michoro ya Mama Anyes

Bariadi,
Jumatano, 11 Februari 2026.

Kwako dada Domitila,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu uliokusumbua wakati wa Krismasi umepata nguvu ya kusimama mbele ya darasa bila kushikilia meza. Shemeji naye hajambo? Sisi huku mhola duhu, salama tu. Mvua zimenyesha vizuri upande wa Dutwa, pamba ya mama imefika magotini, na ameniambia nikukumbushe dawa ya kupulizia uliyomwahidi. Anyes ameingia darasa la tatu na sasa ananisahihisha Kiswahili mbele ya wateja. Hiyo tabia najua ameitoa kwako.

Utashangaa kuona karatasi wakati namba yangu unayo. Simu yangu hukaa juu ya meza ya studio na mke wangu anaishika kama yake. Haya ninayotaka kukueleza hayafai kukaa kwenye simu hiyo.

Habari ni za huyo mke wangu, Jenifer. Wewe ndiye uliyenionyesha huyu mwanamke siku ya kipaimara pale Maswa, kwa hiyo una sehemu yako katika shauri hili. Unakumbuka alivyoingia studio kwangu hajui kitu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mausi, na mwanzoni alikuwa anainyanyua juu kama pasi ya mkaa. Nikamfundisha kukata picha, kupanga herufi, kuchanganya rangi. Nilimfundisha kwa raha, dada, nikijua nimepata msaidizi.

Sasa mteja akiingia anauliza kama mama Anyes yupo. Namwambia mimi nipo. Anasema atasubiri. Anaketi pale kwenye benchi, ananitazama nikiwa nimekaa bure mbele ya kompyuta, na bado anasubiri! Kadi za harusi ni za mama Anyes, mabango ya kwaya ni ya mama Anyes, hata vyeti vya shule ya awali. Kwangu wanakuja wa paspoti tu, kwa sababu kamera ni nzito na wanaona mwanamume ndiye wa kuishika. Nilikuwa nacheka nao, lakini roho ilikuwa inaniuma.

Mwezi wa kumi na moja kiwanda kimoja kinachotaka kuanza kutengeneza vitenge kikatangaza kwamba kinatafuta wabunifu wa huku kwetu kwenye pamba. Atakayeshinda atachora vitenge vyao mwaka mzima. Walitaka michoro tisa, si minane, ipelekwe kwa mkono ofisi yao ya Shinyanga, mwisho Ijumaa hii. Jenifer akaenda kwao Lalago, akawapiga picha ng'ombe wa baba yake mzee Mayige mmoja mmoja: yule wa madoa, yule wa mkanda mweupe tumboni, yule mwekundu mwenye uso mweupe. Akarudi, akaanza kuzichora ngozi zile kwenye kompyuta, akizirudiarudia mpaka zikawa kitambaa. Mgeni akitazama anaona urembo tu. Msukuma akitazama anamjua ng'ombe.

Mchoro wa kwanza nilipouona nilimwambia ni mzuri. Wa nne nilipouona niligeukia picha zangu za paspoti. Wa saba nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya mfumo. Nikueleze kidogo, maana najua kompyuta ya shuleni kwenu mwalimu mkuu ameifunika kitambaa. Mfumo ndio unaoiamsha mashine na kuiongoza. Programu zote tunazofanyia kazi zinakaa juu yake. Sisi wa studio hapa mjini karibu wote tunatumia ule wa zamani, na tangu Oktoba walioutengeneza wameacha kuurekebisha. Kukawa na mjadala mkubwa kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha na wachoraji. Masele, yule mwenye studio karibu na soko, alisema mashine yake haiguswi: printa yake ina miaka kumi, mfumo mpya hautaitambua, na yeye vidole vyake vimeshakariri kila kitu. Wengine walisema flashi za wateja zinaleta virusi kila siku na mfumo usiorekebishwa ni mlango ulioachwa wazi. Mimi nilikuwa upande wa Masele. Jenifer alikuwa upande wa pili, na sababu yake ilikuwa moja: kiwanda kinataka michoro ihifadhiwe kwa toleo jipya la programu ya kuchorea, na toleo hilo kwenye mfumo wa zamani halikubali hata kufunguka.

Akamleta fundi, Raymond. Huyu ni kijana wa Bukoba, mtumishi wa halmashauri upande wa kompyuta, Jumamosi anafanya kazi za mtaani. Kiswahili chake kimenyooka, shati limenyooka, hata maneno ya kitaalamu yanamtoka taratibu. Aliipima mashine yetu akasema inaweza kupokea mfumo mpya tukiiongezea kumbukumbu. Yeye na Jenifer wakakaa kuongea habari za rangi, na toleo, na namna ya kupanga safu. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kiti changu na hakuna aliyeniuliza. Halafu, dada, watu wote Bariadi wanamwita mke wangu mama Anyes. Raymond alikuwa anamwita Jenifer. Jenifer, ona hapa. Jenifer, bonyeza hapo. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote, na alikuwa hajanikosea lolote.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Januari ndiyo aliyokuja kupiga window mpya, kama tunavyosema huku, yaani kuweka ule mfumo mpya. Kazi hiyo inafuta kila kilichopo, kwa hiyo lazima kwanza unakili vitu vyako mahali pengine. Jenifer alikuwa amekwenda Lalago, baba yake anaumwa kifua. Aliniachia mimi kazi ya kunakili. Raymond akafika, akamaliza jioni, mashine ikawaka ikiwa na sura mpya. Jumatatu Jenifer akaifungua. Picha za wateja zilikuwepo, video zangu za harusi zilikuwepo, kadi zake zilikuwepo. Folda ya vitenge, yenye michoro yote tisa, haikuwepo.

Alitafuta tangu asubuhi hadi wateja wakaondoka. Hakulia. Aliniuliza mara moja tu kama nilinakili kila kitu, nikamwambia kila kitu, labda mfumo mpya umekula, au fundi amefuta kabla ya kuhakikisha. Raymond aliitwa. Alisema kwa upole kwamba aliniuliza kabla ya kuanza. Nikamjibu mbele ya Jenifer kwamba hakuniuliza. Raymond akasema basi huenda alisahau. Siku nne mfululizo akitoka kazini alikuja na programu zake za kufufua vitu vilivyofutwa, akakwangua mashine yote, asipate kitu.

Masele alifurahi kama aliyeshinda kesi. Akaandika kwenye kundi kwamba mfumo mpya umemeza kazi ya mama Anyes, na tangu hapo habari imefika hadi Maswa, pengine umeisikia kwenye duka la stationery la hapo kwenu. Hakuna studio mjini hapa iliyothubutu kubadilisha. Raymond haitwi tena na mtu. Mimi nilipewa pole nyingi, nikazipokea.

Jenifer akaanza upya. Alikuwa ameshafuta zile picha kwenye simu ili apate nafasi, kwa hiyo alirudi Lalago. Akakuta ng'ombe wawili wameshauzwa mnadani ili mzee apelekwe hospitali. Wa mkanda mweupe ni mmojawapo. Amejaribu kumchora kwa kichwa na kila mara anafuta, anasema siye. Hadi leo ana michoro saba. Anajua wanataka tisa, na bado kesho atapanda gari aje kulala kwako, Ijumaa aendelee Shinyanga akawabembeleze wampokelee saba. Nadhani ameshakupigia kukuambia hivyo. Asilokuambia ni kwamba amepungua mpaka gauni la kanisani linamning'inia.

Jana aliniletea fomu ya kiwanda nimwangalizie kama maneno yameandikwa sawa. Alikuwa ameijaza zamani na kuiweka kwenye Biblia isikunjwe. Penye majina ya wabunifu ameandika Joakim Ndalahwa na Jenifer Mayige. Langu la kwanza. Nikamuuliza kwa nini ameniandika wakati sijachora hata doa moja. Alishangaa swali lenyewe, akasema kwani studio ni ya nani, na nani alimfundisha. Akaniuliza kama ningependa liwe la pili. Nikatazama chini kwenye tarehe. Aliijaza tarehe tatu Januari, wiki mbili kamili kabla ya ile Jumamosi.

Dada, mfumo haukula kitu. Niliketi mbele ya ile mashine saa moja nzima siku ile, nikanakili vyote, nikabakiza folda moja. Nikaihamishia kwenye flashi yangu ya picha za paspoti, nikaitia mfukoni. Raymond alipofika aliniuliza kama vyote vimenakiliwa, nikasema vyote. Akaniuliza tena, hata vya Jenifer? Nikamjibu, hata vya mama Anyes, nikilitamka hilo jina kwa nguvu ili alisikie. Aliniuliza mara mbili. Halafu mimi nikasema hakuniuliza.

Wiki nyingi nimejidanganya kwamba ilikuwa wivu wa mume kwa mkewe, maana huo angalau mwanamume anaweza kuusema mbele ya wenzake na wakamwelewa. Si kweli. Raymond angekuwa mzee asiye na meno ningefanya vile vile. Nilikuwa namwonea wivu mke wangu. Nilitaka ile michoro isiwepo, niwe tena mimi ndiye ninayejua. Nilitaka kumwona anainyanyua mausi juu na kunigeukia anisaidie. Naona aibu kuiandika, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nilipomwona anaanza upya bila kunigeukia niliumia zaidi.

Leo mchana alipokwenda sokoni nikaichomeka flashi. Michoro yote tisa imefunguka kwenye mfumo mpya bila shida yoyote. Nimeihifadhi kwa toleo wanalotaka kiwandani na nimechapa nakala. Nimeitazama kwa mara ya kwanza bila kutafuta kosa. Ni mizuri, dada. Ni mizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka kwenye studio hii.

Asubuhi nilipoanza kukuandikia nilikusudia kukuomba uongo mmoja. Nilitaka barua hii na flashi vije kwa kondakta wa gari la asubuhi, vikufikie kabla yake, na akifika umwambie kwamba aliwahi kukuachia nakala akasahau. Angekushukuru wewe, nami ningekaa hapa salama. Lakini nimeshamtwisha Raymond mzigo wangu, na nikikutwisha na wewe sijui nitamtwisha nani mwingine. Kwenye kundi nimeshaandika, sasa hivi, kwamba fundi aliniuliza mara mbili na mimi ndiye niliyedanganya. Masele amejibu kwa alama ya kuuliza. Jenifer hayumo kwenye kundi, husomea kwenye simu yangu, kwa hiyo nimeizima, nitaiwasha kesho akishaondoka.

Kwa hiyo barua hii hakuletei kondakta. Anakuletea Jenifer mwenyewe, na flashi na nakala zimo humu ndani. Nitampa pale stendi gari likishawaka, maana uso wake nauogopa, na hilo nalo nakiri. Bahasha sijaibandika. Juu nimeandika jina lako, na chini yake nimeandika: Mama Anyes, soma wewe kwanza. Nilijaribu kumwandikia yeye moja kwa moja nikashindwa hata mstari wa kwanza. Kwako nimezoea kukiri makosa tangu tukiwa wadogo.

Msalimie shemeji, wasalimie na walimu wenzako wanaonikumbuka. Mama anakusalimia, Anyes anakusalimia na anasema ameshaanza kujumlisha hesabu za kubeba. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa, kama utakuwa umenisoma.

Akifika, mpe maji, mpe chakula, usimuulize chochote. Asipotaka kurudi Bariadi Jumamosi, mwache akae, nitakuja mimi. Na kabla hajaondoka kwenda Shinyanga, akiitoa ile fomu na kuiweka mezani, usiseme neno la kunitetea. Mpe kalamu alikate jina langu.

Ni mimi mdogo wako,

Joakim.