Ukoo Unaniita Nabii wa Kware, Sasa Dada Anataka Kung'oa Kahawa kwa Neno Langu

Mshauri wetu mpendwa, pokea shukrani kwanza na msaada nitauomba hukohuko mbele, maana mimi ni mtu wa kushukuru, hata kuku akinipisha njiani namshukuru. Naitwa Kyaruzi, wa Kamachumu huku Muleba, na kama umewahi kula ndizi tamu hapo Bukoba mjini ujue nilizileta mimi kwa pikapu yangu, ile iliyowahi kupanda mlima ikiwa haina mafuta kwa sababu tu ya uzoefu wa dereva. Shule niliishia darasa la sita, mwalimu mwenyewe alisema nimemmalizia maswali.

Ninayetaka kumshukuru hadharani ni Hafidhi, anayeuza vitabu vya mtumba karibu na soko. Nikishusha ndizi huwa nasubiri wateja, na pale kwake kuna benchi, basi nikaanza kukaa, nikaanza kufunua kimoja kimoja, yeye akasema soma tu, mzee mwenzangu, kitabu hakiishi kwa kusomwa, na tangu hapo nasoma kila kinachokuja, magonjwa ya nyuki, maisha ya mabaharia, sheria za ardhi, mapishi ya Wahindi, hata cha wakunga nimekimaliza na sasa wajawazito wa kijijini wakiniona wanabadili njia. Nina upande wangu wa benchi, na upande wa pili naweka kofia ili mtu asije kunivurugia mawazo.

Sasa sikia faida yake. Miaka ile ya kware alikuja bwana mmoja na mkoba, akasema mayai yote atanunua yeye, basi ukoo mzima ukageuka mafundi wa mabanda, mdogo wangu Rwekaza alihamishia mbuzi jikoni ili kware wapate chumba. Mimi wakati huo nilikuwa nimesoma kwa Hafidhi habari za Waholanzi wa zamani, walivyonunuliana maua yangali mizizi ardhini kwa bei ya nyumba, kila mmoja akinunua ili amuuzie mwingine, mpaka asubuhi moja mnunuzi hakutokea. Nilicheka mpaka Hafidhi akaniletea maji, nikamwambia kumbe Wazungu nao wana butura, si ndivyo sisi Wahaya tunavyomuuzia mtu kahawa ingali maua mtini? Nilikuwa nimesoma pia kijitabu cha ndege, jinsi kware anavyotaga bila kupumzika, basi maua na ndege vikakutana kichwani mwangu, na kwenye kikao cha ukoo nikasimama nikauliza swali moja tu.

"Jamani, nani hapa amekula yai la kware mwezi huu?"

Datius, binamu yetu, aliyekuwa na mabanda kuliko wote, akasema, "Ta Kyaruzi, haya si ya kula. Haya ni ya kuuza."

"Basi tunauziana sisi kwa sisi," nikamwambia, "na wa mwisho atabaki na ndege."

Dada yangu Joviana, ambaye ni mjane, alikuwa ameshafungua kitambaa cha akiba yake, akakifunga tena. Kabla senene, wale panzi wetu wa kuliwa, hawajaanguka mwaka ule, yule bwana hakupokea simu tena, na leo mabanda ya Datius yanatagiwa na kuku. Ndipo nikaitwa nabii. Kwenye harusi kikombe cha kwanza cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni changu, senene nakaribishwa kabla ya padri, na watu wananijia na kila jambo, siku ya kuezeka, mbuzi wa kununua, Rwekaza kaniuliza hata jina la kumpa mjukuu, na mimi sijamrudisha mtu bila jibu.

Kilio changu ni hiki. Joviana anataka kung'oa mibuni yote aliyopanda marehemu mumewe apande vanila, kuna bwana ameshamwahidi marando ya kupandia, na amenijia akaniambia, "Kaka, mimi sina haja ya kujua mengi. Ukisema ndiyo, Jumatatu panga linaingia." Jumapili baada ya Misa ukoo unakuja kunisikiliza. Na ukweli, mshauri, habari za vanila sijasoma hata ukurasa, naijua kwa harufu ya biskuti tu, ila nilipoulizwa nilikunja uso wa kufikiri vizuri sana, mpaka akaanza kunishukuru palepale. Nikisema sijui, unabii umekwisha na kikombe kinaenda kwa Datius. Nikisema ndiyo ikaharibika, hana kibanja kingine cha kulima, na watoto wake bado wako shule. Wala si mjinga, yeye ndiye msomaji wa masomo kigangoni kwetu, akisoma waraka hata watoto wachanga wananyamaza. Niseme nini Jumapili?

Kyaruzi, Kamachumu

MSHAURI ANAJIBU

Ta Kyaruzi, mtu anayejua kushukuru hajapotea, na Hafidhi akisoma hapa leo atafurahi. Pole pia, maana kuaminiwa kuliko unavyojua ni mzigo. Lakini mzigo huu umejitwisha mwenyewe.

Hukutoa unabii. Siku ile ulikuwa na maua ya Uholanzi mkono mmoja, ndege mkono wa pili, na butura ya kwenu katikati, vikagongana likatoka swali. Watu walisahau vitabu wakakushika wewe, na wewe ukanyamaza ukanywa rubisi. Mapishi ya Wahindi yalikufundisha lini jina la mjukuu wa Rwekaza? Mtu anayesoma mengi anapata faida moja kubwa, nayo ni kujua mapema kwamba hapa sijui. Wewe unajua hujui. Sasa unataka kuificha faida hiyo kwa sababu ya kikombe.

Jumapili simama, useme, "Sijasoma." Datius akicheka, kikombe mpe wewe mwenyewe. Panga lisiingie shambani. Yule bwana wa marando aambiwe asubiri, na akisema hawezi kusubiri, mtakuwa mmeshasoma ukurasa wa kwanza wa habari zake. Kisha lirudieni swali lako, bado ni zima: nani anakula vanila, yuko wapi, na mwaka ambao hakuitaka, mkulima aliishi kwa nini? Vanila si kware, ina walaji wake na hapa Kagera wapo wanaoilima. Mtafuteni aliyekaa nayo miaka, si aliyepanda juzi, awaambie habari za mwaka mbaya. Mwulizeni bwana shamba nani alisema lazima kahawa ife ndipo vanila iishi.

Nimesema mtafuteni na mwulizeni, nyinyi wawili, sikukosea. Umeandika kwa haraka kwamba dada yako anasoma kanisani mpaka watoto wananyamaza. Mwanamke huyo anakwambia hana haja ya kujua mengi, na wewe unakunja uso? Mibuni ni yake, watoto ni wake. Safari yako ijayo ya ndizi, apande mbele na wewe mpaka kwa Hafidhi, msome wote wawili, mbishane, na neno la mwisho aliseme yeye.

Mkifika pale, ondoa kofia kwenye benchi.