Mwaka Makovu Yetu Yalipofunguka

Jumapili, Chanika. Tangu asubuhi mawingu yametanda, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Magoti yananiuma. Sijala vizuri, sijasali vizuri, na kosa ni la Zuhura na daftari lake.

Zuhura ni mjukuu wangu. Anasomea uuguzi Korogwe, na mwisho wa wiki huja kwangu kula na kulala, hasa kulala. Ndiye aliyenifungulia hii blogu. Aliniambia niandike chochote kwani hakuna anayesoma. Haya. Leo naandika jambo ambalo sitaki lisomwe.

Jana alikuwa anajisomea kwa sauti ukumbini, mtihani umekaribia. Somo: tishu unganishi. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nasikia kwa sikio moja. Akasoma kwamba chini ya ngozi, na kila penye kushikana na pengine mwilini, kuna nyuzi. Nyuzi za kolajeni ni ngumu, hazivutiki, ndizo zinazotushikilia. Nyuzi za elastini zinavutika na kurudi. Katikati yake kuna ute, na ndani ya ute huo wamo mafundi wenyewe, seli ziitwazo fibroblasti, zinazofuma nyuzi hizo. Akanionyesha picha. Seli nyembamba, ncha mbili, zimelala kati ya nyuzi.

Halafu akasoma sentensi moja iliyonifanya niweke ungo chini.

Kovu halimaliziki. Nyuzi za kovu huvunjwa na kufumwa upya muda wote, hata likiwa la miaka thelathini. Na fundi yule hawezi kufuma uzi imara bila vitamini C. Akikosa, uvunjaji unaendelea na ufumaji unalegea. Basi kidonda cha zamani kinaweza kurudi.

Zuhura akacheka: "Bibi, hebu fikiria, kidonda cha utotoni kinakufungukia uzeeni! Si uchawi huo?"

Nikaingia chumbani nikajifungia.

Mimi sihitaji kufikiria. Nimeona.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulitolewa kwenye makazi yetu ya zamani, huku huku Handeni, tukapangwa kwa mistari kwenye mbuga kavu, nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Kule tulikotoka tukaanza kukuita mahame. Kurudi kulikatazwa, kwani wakubwa waliogopa watu wasije wakahamia tena. Mwaka wa pili mvua ikakataa. Mboga zikafa, hata mlenda wa porini ukakauka. Tukaishi kwa unga wa njano wa msaada. Ugali wa njano na chumvi asubuhi, ugali wa njano na chumvi jioni, miezi na miezi.

Nilikuwa na miaka ishirini, mhudumu wa afya wa kijiji. Mafunzo miezi mitatu, sanduku moja la dawa, gauni moja jeupe. Na maringo! Mungu anisamehe, nilivyokuwa naringa na gauni lile.

Wa kwanza alikuwa baba yangu. Ujanani alikata mkonge Korogwe, panga likamteleza likampasua muundi. Kovu lile nilizaliwa nikalikuta. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalipitishia kidole, laini, linang'aa. Asubuhi moja baba akaniita nimtazame mguu. Kovu lilikuwa limegeuka jekundu kingoni. Kesho yake likawa la zambarau. Siku ya nne likaachia, taratibu, kama mshono wa gunia. Hakujikwaa, hakujikuna. Palepale alipokatwa kabla sijazaliwa, mguu ulikuwa wazi tena.

Baba hakulia. Aliniuliza tu kwa sauti ndogo: "Hili panga limetoka wapi tena?"

Nikafunga kitambaa.

Baada ya hapo ikawa kila nyumba. Fizi zikavimba zikatoa damu, watoto wakawa hawataki kuguswa miguu. Na makovu. Mama mmoja akafunguka mgongoni mistari mitatu ambayo mumewe hakuwahi kuijua. Kila mtu alianza kuvuliwa yaliyompata zamani, hadharani, na hakuna aliyeweza kujizuia. Watu wakaogopa kutazamana. Mchana wa jua kali kijiji kilikuwa kimya, milango imerudishiwa, kila mmoja ndani anajikagua.

Kisha zikaanza kufunguka chale.

Hapo ndipo hofu ilipopata jina. Karibu sote tulichanjwa chale za kinga tukiwa wachanga, mbili kifuani, mbili mgongoni, na aliyetuchanja kwa wembe wake alikuwa mtu mmoja: bibi yangu, mama yake baba. Sasa kinga ile ilikuwa inafunguka jozi kwa jozi. Na yeye mwenyewe, kikongwe asiye na jino hata moja, chale zake zilikuwa zimetulia. Hakuumwa chochote. Alikuwa anatembea kuliko sisi.

Watu walianza kunong'ona. Alikataa kuhama, walisema. Alilia mchana kutwa siku ya kuhama. Aliyefunga ndiye anayefungua.

Mimi nilikuwa nawacheka. Nilikuwa na gauni jeupe, bwana. Bibi naye alinitania, akaniita mke mwenzangu kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu, akasema hao wamekosa kazi ya kufanya, mke mwenzangu, waache.

Lakini siku moja nilimfuata. Sijui kwa nini. Alitoka asubuhi na fimbo yake, akavuka korongo, akaelekea mahame. Nikajificha nyuma ya kichuguu. Nyumba zetu zilikuwa zimeanguka, majivu ya jikoni bado yapo. Bibi akaketi kwenye kaburi la babu, chini ya mbuyu, akainamisha kichwa. Midomo yake ikaanza kucheza. Inacheza, inacheza, haitoi sauti. Mara anatia mkono mdomoni, anatoa kitu, anakitupa chini. Midomo inaendelea. Nikarudi mbio bila kumwita.

Kesho yake nikioga nikaona chale zangu za kifuani zimekuwa nyekundu.

Hapo gauni jeupe halikunisaidia kitu. Nikavaa, nikaenda moja kwa moja kwa balozi, nikamsalimu shikamoo, nikamwambia nimemwona bibi yangu makaburini, anasema maneno bila sauti. Nilisema hivyo hivyo. Sikuulizwa mara mbili. Mimi niliyesoma nikisema, nani atabisha?

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekaa nalo.

Hawakumpiga. Wangempiga labda ningeumia mapema. Waliamua asitoke nyumbani, na vijana wawili wakawekwa mlangoni kwa zamu. Alipouliza nani amemwona, balozi alisema tu, ameonekana. Bibi akanitazama mimi. Kisha akaomba maji.

Akaanza kula tulichokula sisi. Mwezi wa kwanza, hakuna. Mwezi wa pili ukakatika, miguuni yakamtoka madoa ya zambarau. Mwezi wa tatu chale zake zikafunguka zote. Alikuwa nazo nyingi kuliko mtu yeyote, za vifundoni, za mabegani, za paji la uso. Alikaa kwenye mkeka akizitazama zinavyojitokeza moja baada ya nyingine, akinitajia ya nani na ya lini. Hii ya kumzaa baba yako. Hii ya ndui. Watu waliokuja kuchungulia waliondoka wakisema dawa imemrudi mwenyewe.

Wakati huo baba alikuwa hawezi kusimama. Tukapata lori, nikampeleka hospitali Korogwe. Daktari alimfunua mdomo tu, hata mguu hakuufikia, akajua. Akanieleza kwamba ni kiseyeye, njaa ya vitu vibichi na vichachu, akatupa vidonge vichache vilivyokuwepo. Halafu akaniuliza kama kijijini yupo ambaye alichelewa kuugua kuliko wengine.

Nikasema yupo. Bibi yangu.

"Alikuwa anakula nini?"

Nikafungua mdomo kusema hakuna. Ndipo nikakumbuka. Nilikiona kile alichokuwa anakitupa chini, kule kaburini. Mbegu. Bibi alikuwa anamung'unya ubuyu. Mtu asiye na meno, anakwenda kumsalimia mumewe, anaokota ubuyu, anaumung'unya taratibu mpaka mbegu inabaki nyeupe. Ndiyo maana midomo ilicheza.

Nililia pale mbele ya daktari, akadhani ni kwa ajili ya baba.

Sokoni nikanunua ndimu kwa mama mmoja wa Kerenge. Nikampa baba kipande, akanipiga mkono. "Unataka kunimaliza? Mwenye kidonda anakula kichachu?" Na ni kweli, hiyo ndiyo sheria yetu. Kichachu kinachimba kidonda, kichachu kinakausha damu. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe miezi ile yote nilikuwa nawakumbusha wagonjwa nyumba kwa nyumba wasikiguse hata wakikipata. Nilikuwa mkali kwa hilo kweli kweli.

Basi nikaamua kuwadanganya. Nilirudi, nikaenda mahame peke yangu na gunia, nikajaza ubuyu. Nikawapikia wagonjwa uji pale shuleni, ukishapoa nachanganya unga wa ubuyu, nasema ni dawa ya Korogwe. Ladha ya uchachu? Dawa hiyo, kunywa. Wakanywa wote.

Bibi hakunywa. Alionja mara moja tu, akarudisha kikombe. Huwezi kumdanganya mtu kwa ubuyu wa kwake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, seli sikuzijua wakati ule, nilimwambia tu kwamba ni huu ubuyu uliokuwa unakulinda. Akanisikiliza. Akasema, "Nilikula nilipokuwa mzima, mke mwenzangu. Sasa nina vidonda. Mwenye vidonda hali kichachu, ndivyo unavyotufundisha."

Sijui kama aliamini miiko au alikuwa ananijibu. Sijui mpaka leo.

Alikufa siku ya sita tangu arudishe kikombe. Tulimzika peke yake, mbali na babu, kwa sababu mahame kulikatazwa. Na juma lile lile, wallahi, makovu yakaanza kufunga. La baba likavuta kingo. Fizi zikakauka. Watoto wakatoka nje kucheza. Uji wangu ulikuwa umefikisha siku zake, basi. Lakini kijiji kilihesabu kingine. Walimhesabia yeye. Amekufa, tumefungwa. Mnaona?

Nilipaswa kusimama mkutanoni siku ile niseme. Sababu nilikuwa nayo: wakijua ni ubuyu wataacha kunywa, watakufa. Ilikuwa sababu nzuri, ya mwezi mmoja. Baada ya mwezi walikuwa wamepona, mvua ikanyesha, mchicha ukaota, na mimi nikaendelea kunyamaza. Kwa sababu nikisema ubuyu, wataniuliza nilijuaje, nani alimwona. Nikapewa shukrani na kanga ya kutibu kijiji. Nikaipokea. Nikaivaa.

Tangu hapo nyumbani kwetu hatajwi. Sisi huwapa watoto majina ya bibi zao, lakini lake lilirukwa. Nimezaa mabinti watatu, nikaruka. Wajukuu wamezaliwa, tukaruka. Baba alikufa akiamini mama yake ndiye aliyempasua mguu.

Na leo najua la kutisha zaidi. Nilidhani jambo lile limekwisha, limepona. Kumbe chini ya blauzi hii, kwenye chale mbili alizonichanja yeye, wale mafundi bado wako kazini, wanafuma, wanavunja, wanafuma, hawajapumzika tangu siku ile. Kidonda kipo. Kinashikiliwa tu.

Jana jioni Zuhura aligonga mlango, akauliza kama nimeugua. Nikasema uchovu. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtoto wa ukoo huu aliyewahi kuniuliza: "Bibi, na bibi yako wewe aliitwa nani?"

Nikamwambia nimesahau.

Sasa hivi yuko jikoni anaosha vyombo, kabla ya kupanda gari la Korogwe. Nasikia masufuria. Naandika haraka ili nisipate nafasi ya kughairi, kisha nitanyanyuka na magoti yangu haya, nimwite, akae, nimwambie.

Aliitwa Mwajuma. Hakumfungua mtu. Mimi ndiye niliyesema.