Binti Anayeshinda na Watoto

Kondoa,
19 Aprili 1994

Binti yangu Sabrina,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi tu wazima, alhamdulillahi, ingawa mguu wa mama yako bado unamsumbua. Hali yako siijui, kwa kuwa hukuona haja ya kunijulisha.

Jana watoto thelathini na wanne waliketi nje ya mlango wa chekechea hadi adhuhuri. Ufunguo tuliukuta dirishani. Mwalimu Tabu alikaa mwaka mmoja akaondoka; Aneth, miezi mitano; na sasa wewe, binti wa mwenyekiti wa kamati ya chekechea. Ulinikuta uani nikitia udhu, ukaniamkia, ukapita na begi lako bila kuniambia unakokwenda. Aliyekabidhiwa watoto wa watu hawaachi namna hiyo, kana kwamba ni kuku bandani. Nimeelezwa umeajiriwa katika shule ya mtu binafsi huko Dodoma, ambako watoto wadogo huvalishwa tai. Rudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ama usiniite baba mbele ya watu.

Mzazi wako,
Baba

Dodoma,
2 Mei 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya njema. Mimi sijambo. Mwambie mama nimempatia dawa ya kuchua mguu, nitaituma kwa basi.

Baba, umeandika yote isipokuwa kuuliza kwa nini. Unakumbuka siku aliyokuja mgeni wa wilayani? Ulimtambulisha mwalimu mkuu, bwana shamba, hata fundi aliyejenga choo. Ukafika kwangu nikiwa nimeshika birika, ukasema, "Na huyu ni binti anayeshinda na watoto." Watu wakacheka, nami nikaendelea kumimina chai.

Kazi hii niliisomea miezi tisa. Lakini kila penye msiba kamati ilifunga darasa langu ili nikapike, ikachukua na mikeka ya watoto. Shule ya msingi haikufungwa hata mara moja. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilifundisha siku saba tu.

Hapa mshahara umezidi kidogo, na mwenye shule ni mkali mno; sijui kama nitadumu. Ila hakuna anayeninyang'anya chaki anipe mwiko. Ijumaa imepita na sikurudi. Kuhusu kukuita baba mbele ya watu, uamuzi ni wako.

Binti yako,
Sabrina

Kondoa,
8 Septemba 1994

Mwalimu Sabrina,

Assalaam alaykum warahmatullah. Dawa ilifika, mama yako sasa anakwenda kisimani mwenyewe. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hasira, na hasira haijaisha, imehama tu mahali.

Baada yako alikuja Evodia, akaondoka wiki ya sita. Kamati haikupata mwingine. Nikasema nitalishika darasa mwenyewe, maana nimesomesha Kurani miaka thelathini. Siku ya kwanza niliingia na fimbo. Mtoto mmoja akajikojolea kabla sijafungua mdomo. Nikaitoa fimbo nje. Ilikuwa siku ya tisa alipokubali kunitajia jina lake.

Siku ya kumi na moja kukawa na msiba kwa jirani. Mudrick, katibu wangu, akaja mlangoni watoto wakihesabu kwa wimbo.

"Maalim, watawanye hao. Tunataka mikeka na sufuria ya uji."

Nikamwambia darasa linaendelea.

"Darasa gani tena, Maalim? Si unashinda nao tu?"

Akacheka. Iliniuma, kisha nikakumbuka maneno hayo alijifunza kwa nani. Mikeka sikutoa. Ijumaa baada ya swala nilisimama nikalitaja kosa langu mbele ya wale wale waliocheka siku ya mgeni, nikataka iandikwe kwamba darasa halifungwi kwa msiba wala harusi, na mwalimu hapikishwi. Walikataa, wakasema uzee umeniingia. Uenyekiti nimewaachia. Ufunguo sikuwaachia.

Sikuiti urudi. Tuliyokufanyia, wenzangu bado wanayataka. Nieleze tu jambo moja kwa barua: yule aliyejikojolea sasa anajua majina ya wenzake wote, lakini haimbi. Wewe ulikuwa unafanyaje?

Mwenyezi Mungu akuhifadhi.

Baba yako,
anayeshinda na watoto