Kabla Mtaro Haujafika Kwako

Ndahani, ndugu yangu,

Naandika nimekaa nyuma ya ghala la mama hapa Busi, mahali ambapo mpita njia hawezi kuniona. Najua hukusoma. Mimi mwenyewe herufi hizi nilizipata chuoni kwa fimbo za mwalimu, na sikudhani kama siku moja nitazitumia kumwandikia mtu aliyekwisha kuzikwa. Lakini nikianza kumweleza mama, naishia kuzungumzia kuni. Basi nakueleza wewe.

Naogopa, Ndahani. Mbwa akibweka, nainuka kutazama nani anakuja. Jumbe akituma mtu kuniita, hata kama ni kwa ajili ya mbuzi aliyeingia shambani kwa watu, nazunguka nyuma ya nyumba kwanza. Na tangu mdogo wako Chibehe afike hapa na habari aliyoileta, namwachia mama ugali sahanini.

Nitakwambia habari hiyo. Lakini kuna mambo yaliyonipata baada yako ambayo huyajui, na bila hayo hutaelewa kwa nini mtu mzima natetemeka hivi.

Unakumbuka nilivyofika kambini. Nilikuwa nimeleta tumbaku Haneti kama kila kiangazi, tangu baba zetu waliposimama tukachanjiana damu tukawa ndugu. Mwendwa, mke wako, akaniambia, "Shemeji, mwenzio hayupo. Yuko kwa mzungu anayetafuta dhahabu, kule korongoni, njia ya Chamwino." Nikakufuata. Nilikukuta mweupe kwa vumbi toka nyusi mpaka vidole vya miguu. Ulinicheka jinsi nilivyoshtuka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Uliinama, umeshika magoti. Nami nikasimama na mzigo wangu begani, sijui nifanye nini.

Ulipopata pumzi ukasema, "Kaa nami, Salimu. Nitakufundisha mashine. Mzungu wetu, Bwana Vumbi, amesema nikipata mtu wa kuishika, nitakwenda nyumbani."

Nilikaa. Nani angekataa?

Ile mashine bado naiona nikifumba macho. Sanduku la mbao juu ya miguu minne, chekeche ya waya kwa juu, chini ya chekeche kitambaa kilichotandazwa kwa kuinama na vibao vimekingama juu yake, na chini kabisa mvukuto wa ngozi kama wa mhunzi. Mwingine anamwaga udongo, wewe unazungusha mpini. Mvukuto unapumua, sanduku linatetemeka, vumbi linaruka juu, changarawe inateremka na kumwagika, na dhahabu, kwa uzito wake, inabaki nyuma ya vibao. Mahali pengine wanaosha udongo kwa maji. Sisi maji ya kunywa yenyewe yalikuja kwa punda, basi tuliosha kwa upepo.

Ulinifundisha kuanika udongo juu ya ngozi mpaka ukauke kabisa, maana udongo wenye unyevu kidogo tu hushikamana, na dhahabu hupita nao. Ulinifundisha kusikiliza mvukuto. Ulinifundisha ile kazi ya mwisho, ya kupeleka kilichobaki kwenye sinia na kukipuliza kwa mdomo. Hapo nilikuwa naharibu, nawe unanisukuma bega. "Wewe unawasha moto? Puliza kama mtoto kaingiwa na mchanga jichoni." Nikajifunza. Siku moja vumbi jeusi likasogea na nyuma yake ukabaki mstari mwembamba wa njano, mwembamba kama uzi. Nikakuita. Ulikuja, ukatazama, ukanipiga kofi la furaha mgongoni.

Uliendelea kuutazama ule mstari mpaka nikauliza, "Nimekosea?" Ulilichukua sinia ukalipeleka kwa Bwana Vumbi.

Kuanzia hapo ulibadilika, na sasa naweza kukwambia kwamba uliniumiza sana. Mbele ya mnyapara Feruzi ulisema kwa sauti, "Huyu mikono yake ni ya kubeba tumbaku. Dhahabu yote anaitupa." Siku nyingine ukaninyang'anya sinia watu wakitazama. Nilidhani kifua kimekugeuza akili, au unaona wivu. Nikaacha kula nawe sahani moja. Nikawa nabeba udongo na wengine, sikusogelea mashine, nawe ukarudi kuzungusha mpini huku unakohoa.

Mwishowe uliniambia ukweli, siku ile uliposhindwa kuinuka. Nilikuletea uji, hukuunywa. Ukanishika mkono, ukasema polepole, kwa vipande, "Nilimwendea Bwana Vumbi. Nikamwambia, mtu nimempata, niache niende. Akasema, vizuri, sasa mtakuwa wawili." Ukapumzika. "Anayeijua hii mashine haendi kwao, Salimu. Usiijue. Wakikuweka hapo, usiijue."

Ulikufa asubuhi iliyofuata, jua halijawa kali.

Feruzi alisema tuzike upesi watu warudi kazini. Tulikuchimbia ukingoni mwa korongo, chini ya mgunga, pale walipolala wale wengine waliotangulia. Sikujua wazee wako wangesema maneno gani. Mila yenu siijui na yetu si yenu. Nilikuvika shuka yangu, nikakulaza ubavu, nikakuita jina lako mara nyingi, basi. Hakuna jiwe wala alama iliyowekwa. Feruzi alikuwa amesimama pale anagusagusa kiboko kwenye mguu wake.

Kesho yake wakanipeleka kwenye mashine.

Bwana Vumbi mwenyewe alikuja, na kile kiti chake, akakaa karibu kiasi cha kunusa tumbaku ya kiko chake. Alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Ndahani kafa. Sasa wewe." Feruzi akasimama nyuma yangu. Nikazungusha. Ndahani, mikono ilijua. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kiboko, kwamba mikono ilikwisha kujua na haikutaka kusahau. Mvukuto ulipumua sawasawa, vumbi likaruka sawasawa, na nilipokung'uta vibao juu ya sinia nikaona wazi kwamba dhahabu ipo, nyingi kuliko nilivyowahi kuiona. Nikageuza mgongo kidogo kama mtu anayekinga upepo. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

Nikapuliza kama nawasha moto.

Nilipogeuka, sinia lilikuwa na mchanga mweusi tu. Bwana Vumbi akatazama. Akanitazama mimi. Akauliza taratibu, "Iko wapi?" Kumbe alikuwa amechanganya dhahabu yake mwenyewe kwenye ule udongo, kunipima. Alijua ilikuwepo. Sikuwa nimefikiria hilo, wewe pia hukulifikiria. Feruzi alinivua nguo mbele ya watu. Alinipekua nywele, akaniingiza vidole mdomoni mpaka chini ya ulimi, vidole vyenye ladha ya chumvi na ngozi. Akasema, "Kaimeza. Bwana, huyu tumpasue." Sijui kama alitania. Watu walikuwa wameacha kazi, hakuna hata mmoja aliyecheka.

Bwana Vumbi akaagiza lile vumbi la chini lizolewe lote. Akaleta maji, Ndahani, maji ya kunywa ya kambi nzima, akaosha vumbi lile katika karai kwa mikono yake mwenyewe, nami nimepiga magoti uchi juani. Niliomba dua zote nilizofundishwa, nikazichanganya, nikaanza upya. Mwishowe akainua karai, akaligeuzageuza juani, na dhahabu yake ikang'aa chini. Akasema, "Si mwizi. Mjinga tu."

Nikalia kwa furaha. Hebu fikiri, mtu anaitwa mjinga na analia kwa furaha.

Walinilaza juu ya sanduku la chakula wakanipiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kwa kupoteza mali ya bwana, kisha wakanifukuza. Nilitembea mpaka Haneti nimeinama. Mwendwa alinikanda mgongo kwa maji ya moto, na mimi ndiye niliyemwambia kuhusu wewe. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, bakuli mkononi, na mtoto wenu akaja akamwegemea. Wazee wenu walitaka kukuleta nyumbani upesi, lakini kambini waliwafukuza kwa bunduki. Nami nilikuja huku Busi kujificha. Ndivyo ilivyo, nilijificha. Mgongo umepona. Asubuhi nakohoa kidogo, na kila nikikohoa mama anaacha kusaga na kusikiliza.

Sasa habari ya Chibehe.

Anasema mtaro wa wachimbaji umegeuka. Zamani ulikuwa ukifuata korongo, sasa umepanda ukingoni. Bwana Vumbi aliuchukua ule udongo uliobaki juu ya makaburi, akaujaribu, akaona rangi ya njano. Chini yenu kuna dhahabu. Anataka kumaliza ukingo wote kabla mvua haijaulowesha udongo, na watu wanachimba tangu jua kuchomoza. Chibehe alimwendea Feruzi, akamsihi. Feruzi akamjibu, "Ukimjua ndugu yako ni yupi, mchukue. Usipomjua, mashine itamchagua."

Na Chibehe hajui ulipo, maana hakuwepo. Mwendwa hajui. Wale tuliokuzika nao wameshahamishwa kwenda kwenye reli, Dodoma. Mimi tu ndiye ninayejua kwamba wewe ni wa tatu kutoka mgungani, upande wa machweo, umelala ubavu, na shuka uliyovaa ina kiraka alichokishona mama yangu.

Nimejaribu kumwelekeza Chibehe. Nilichora ardhini kwa kijiti. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Kaka, nikikosea nitampelekea shemeji mtu mwingine." Hakuniomba niende. Ingekuwa rahisi kama angeniomba, ningepata la kubishia.

Usiku wa kuamkia leo sikulala. Naliona karai lile likigeuzwa juani. Navihisi vidole vya Feruzi. Nafikiri, wakinikamata na kuniweka tena kwenye mashine, sitaweza kupuliza vibaya mara ya pili, watakuwa wamejua. Nitabaki pale mpaka niwe mweupe kama wewe. Nafikiri pia ya kwamba nisipokwenda, watakuchimbua kipande kwa kipande, watakuanika juu ya ngozi, watakumwaga kwenye chekeche, na mtu mwingine atazungusha mpini. Na upepo utakuchukua. Kila ninapofika hapo, nasimama.

Leo asubuhi nimemwambia Chibehe tutaondoka kesho. Chibehe anasema siku hizi Bwana Vumbi yuko Dodoma kupokea mizigo, na mchana jua likiwa utosini Feruzi hulala kivulini. Tutafika saa hiyo, kama watu wanaokata kuni. Wajomba zako wawili watatungoja korongoni na kitanda cha kukubebea. Mama ametutengenezea unga wa njiani. Hakunizuia, lakini amekaa mlangoni tangu asubuhi, na kila nikipita ananigusa nguo.

Mwendwa amechagua mahali nyumbani kwenu, nyuma ya zizi. Wazee wako watasema maneno ambayo mimi sikuyajua. Mtoto wako nitamtazama kama wangu, hili niliapa tulipochanjiana na sihitaji kuapa tena. Nikipona na safari hii, tumbaku yangu ya kwanza ya kiangazi kijacho itakuwa yake na ya mama yake.

Kwaheri kwa leo, ndugu yangu. Siji kwa ushujaa. Nakuja natetemeka, na pengine mikono yangu itakuwa baridi nitakapokugusa, unisamehe. Ila najua kwamba huko chini umekuwa ukisikia majembe yao yanasogea, na huwezi kujua lipi ni la nani. Kwa hiyo nakuahidi jambo moja. Kabla sijapiga jembe la kwanza, nitainama nikuite jina lako, Ndahani, polepole, ujue kwamba ni mimi.

Ndugu yako,
Salimu