Mama Atubu Nini?

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi kazini, namkuta Mzee Eliaichi sebuleni. Mzee wa kanisa! Miaka thelathini hajakanyaga hapa Keko, tangu mama aolewe na baba kwa ndoa ya Kiislamu, kanisa likamtenga, meza ya Bwana asiisogelee. Leo daktari kasema ini la mama limeshindwa, ndiyo kaja. Eti Jumapili mchungaji atamrudisha kundini, hapa hapa kitandani, ili akifa azikwe na kanisa. Sharti moja tu — atubu. Atubu nini? nikauliza. Kwa upole kabisa kaniambia ndoa isiyobarikiwa na kanisa ni kuishi katika dhambi.

Na baba ndiye anayemmiminia chai! Kasikia yote. Kamsogezea na visheti.

Mie Nusaiba sasa ndiyo nani? Mtoto wa dhambi, mwalimu wa darasa la sita. Nyoo!

Jumatano, 6 Agosti

Habari imefika Mbezi Beach. Shangazi Samiha kashuka kwenye gari na udi wake. Shikamoo, marahaba, huyoo chumbani kwa mama. Wifi, tamka shahada, sekunde tu, usije ukatenganishwa na mumeo Awadh huko mbele! Mama, sauti imemkauka, kamjibu kwamba Awadh mwenyewe hajamlazimisha hata siku moja, na dini yao inamruhusu mwanamume kuoa Mkristo. Kuoa ndiyo, kasema shangazi, ila pepo haina uchochoro wa kupenyea.

Nikamtoa. Shangazi yangu mwenyewe, nimemtoa! Ataninunia mpaka Idi.

Nimekuna nazi kwa hasira mpaka nikajikuna kidole. Hivi hawa wanagombania nini? Mungu mmoja, wote wanaapa. Ibrahimu wa wote. Kufufuliwa kupo, hukumu ipo, pepo na moto vipo, huku na huku. Hata Wayahudi, Mungu ni huyo huyo mmoja, na nasikia wao wala hawahangaiki sana kupanga nani atakaa wapi ahera. Wanakubaliana kila kitu mpaka wafike kwa mama yangu!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, shule hakuna. Nimemwogesha mama. Kawa mwepesi, jamani. Nikamwambia achana nao wote, kanisa na shangazi. Akanishika mkono. Anaogopa. Babu alikuwaga mwinjilisti kule Tukuyu, akihubiri moto wa milele watoto hawalali. Kasema mpaka leo akifumba macho anauona. Anataka aimbiwe, azikwe alivyozikwa mama yake. Na huko aendako anamtaka baba. Yote mawili. Kwani ni mengi?

Mdomo wote huu, nikaishia kumkausha miguu.

Nikamvaa baba dukani, katikati ya gundi na vitasa. Baba, mama ataingia peponi? Kasema hilo ni la Mwenyewe, si la Samiha wala la Eliaichi. Basi waambie! Waambie wao, siyo mie! Akaendelea kumpimia fundi misumari. Nikatamani kuipindua ile mizani. Upole wake ndio unaoniua.

Jumapili, 10 Agosti

Wamekuja. Mchungaji, Mzee Eliaichi, na akina mama wa kwaya. Baba kawapangia viti mwenyewe, kisha akaambiwa kistaarabu asubiri nje. Nje! Nyumba yake!

Wakaimba kwa Kinyakyusa. Mama akawa anafuatisha, midomo tu. Nikakaribia kuwasamehe. Nimesema nikakaribia.

Mchungaji kafungua kitabu, kauliza kama anatubu. Mama katubu uongo, kiburi, na kumsengenya wifi yake. Akaishia hapo. Na ndoa, mama? Kasema hiyo hapana. Mchungaji — kijana tu, jasho linamtiririka — kauliza tena, kwa sauti ya chini. Bila hilo hawezi kumpa meza ya Bwana, na mazishi pia itakuwa vigumu. Mama kasema, mwiteni Awadh.

Baba kaingia, kofia kichwani. Nikasema moyoni leo ndiyo leo, wafukuze! Hakuwatazama hata. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Nusaiba, tubu. Utulie. Mie sitakasirika."

Mzee Eliaichi kainamisha kichwa. Mama kamtazama baba, machozi yanaingia masikioni.

Nimekimbilia jikoni. Naandika nimesimama. Nimchukie nani sasa? Kupitia mlangoni namwona mchungaji, bado kaweka kidole katikati ya kitabu. Baba anamwambia tena, tubu, mke wangu, tubu. Na mama anatikisa kichwa, hapana, hapana —