Bati la Bi Somoe

Dada Mwajuma, shikamoo.

Leo nimeshindwa ubishi, tena na mama niliyekutana naye hapa Nyangamara, ninakopiga picha za nyumba za nyasi. Paa la mama huyo, Bi Somoe, lilikuwa linaezuliwa nyasi ili liezekwe bati. Nikamwomba nimpige picha upesi kabla nyasi hazijaisha, nikamtolea na hotuba, kwamba mabati yanaharibu sura ya vijiji vyetu.

"Wewe kwako umeezeka nini?" akauliza.

"Bati."

"Basi ngoja. Nipige na bati langu."

Binti yake yuko Dar, ana mimba ya kwanza. Huku mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama, lakini binti alikataa kuja kulaza kichanga chini ya paa linalovuja. Picha ilikuwa ya kumtumia yeye.

Nikangoja. Bati la mwisho lilipogongomewa, majirani wakapiga vigelegele, na papo hapo mvua ikashuka. Tukakimbilia ndani. Bi Somoe akatazama juu, hakuna tone lililopita, akacheka mdomo wazi. Nikabonyeza, tukaituma.

Binti akapiga simu, akawekwa kwenye spika.

"Mama, nakuja Jumamosi!"

Kila mtu mle ndani alisikia. Bi Somoe alisikia pia, maana machozi yalikuwa yanamtoka. Lakini akapaza sauti: "Sema tena, mwanangu, hili bati lina kelele!"

Mwombee binti ajifungue salama, dada, na Mungu akutunze hapo nyumbani.

Mdogo wako, Hamisi