Mawe ya Asafu

Zinga, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Tamari,

Hujambo huko Arusha? Shemeji Ezra hajambo? Mimi mwili umechoka, na daktari hanifichi tena. Basi nisikuzungushe.

Tangu ufuate dini ya mumeo Ezra, yale mawe ambayo nyinyi Wayahudi huweka juu ya kaburi mkizuru, ya mwanao Asafu hapa Zinga nilikuwa nayaondoa mimi, kila mliporudi Arusha. Nilikwambia ni mbuzi. Mbuzi hajawahi kuingia mle.

Nilikuonea wivu. Asafu alipokufa ulimfuata hadi kaburini, ukamwaga udongo kwa mkono wako. Mkakaa chini siku saba, vioo mmevifunika, watu wakiwapikia. Mwaka ulipotimia mkamwashia taa, na kesho yake nikakusikia unacheka na Ezra uani kwangu. Nikajiuliza, huyu amepewa nini ambacho mimi nimenyimwa?

Mwanangu Najim alipokufa nilibaki ndani na wanawake, ndiyo ada yetu. Wanaume walimpeleka Kaole, wakarudi wameshanawa. Miaka ishirini na sita sijaliona kaburi lake. Innalillahi nimeisema kwa mdomo tu, mimi niliyewafundisha wenzangu subira.

Mawe yamo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Nisamehe kabla sijaondoka.

Dada yako,
Biubwa

Arusha, 27 Machi

Dada Biubwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kwa sababu nilikasirika. Kila nilipokuta kaburi tupu nililia, nawe ukanimiminia chai.

Ila hatukupewa faraja, dada. Tulipewa kazi. Keti hapa, sema hili, washa hiki. Sala ya wafiwa haimtaji hata maiti, inamsifu Mungu tu. Miezi ya mwanzo Ezra aliisema ameuma meno. Siku moja akaisema akiimaanisha, hata hakujua ni lini.

Mawe usiyarudishe. Mpelekee Najim. Huwezi kutembea, ubebwe.

Kusamehe, bado. Nikija Juni tutagombana kwanza.

Mdogo wako,
Tamari

Zinga, 21 Aprili

Bibi Tamari,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila Bibi Biubwa ametutoka Alhamisi.

Wiki moja kabla, tulimpeleka Kaole kwa bajaji. Aliketi chini, akampangia baba yangu mawe yote, moja moja, kasoro moja. Akasema, "Hili la Asafu, asije akanidai. Na mwambie Tamari sasa tumelingana."

Nimeliweka juu ya kaburi la Asafu.

Ijumaa walipombeba kwenda kumzika, mjomba Muharami aliniambia nibaki ndani na wanawake. Nilifuata nyuma.

Mjukuu wako,
Shufaa